Mlima Hupandwa na Wengi

Mashindano ya baisikeli milimani huonekana kuwa kazi ya mtu peke yake; kumbe sivyo. Penye nchi tambarare aliye mbele hupasua upepo, naye amfuataye karibu huhifadhi nguvu zake. Lakini mlimani mwendo ni wa polepole, kinga hiyo hupungua, na kila mtu huuchukua uzito wake mwenyewe. Kwa hiyo yawapasa wenzi kumhifadhi mpandaji wao kabla hajaufikia mlima.

Twapata mfano Ufaransa, mwaka 1934. Katika milima ya Pyrenees, Antonin Magne, aliyekuwa akiongoza, alivunjikiwa gurudumu. Mwenzi wake René Vietto, kijana wa miaka 20, akampa lake. Kesho yake Magne alipoharibikiwa tena, Vietto akageuka, akaupanda mlima aliokuwa akiushuka, akampa baisikeli yake. Magne alishinda, Vietto akawa wa tano.

Hao walilipwa. Basi sisi tulio wa makamo, tushindanao kwa kupenda tu, na tuulizane kabla ya kuanza: nani atapanda, nani atamkinga upepo? Naye akingaye, ajapofika nyuma, asihesabiwe kuwa ameshindwa.