Dondoo muhimu: Kompyuta ya mezani kwa bajeti ndogo

Kwa kazi za steshenari, hesabu za duka au masomo, mtumba wa ofisini kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk mara nyingi hukupa nguvu zaidi kuliko mpya ya bei hiyohiyo.

• Usiishie kusikia "hii ni i7". Uliza kizazi. Kwenye i5-8500, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi, na i5 hiyo huiacha nyuma i7 ya kizazi cha 3. Prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8 hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, nayo Windows 10 ilifika mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

• SSD kwanza. GB 256 zinatosha. Diski ya kuzunguka ibaki ya kuhifadhia picha na filamu.

• RAM GB 8, na nafasi ya kuongeza.

• Wa magemu: epuka kasha jembamba. Kadi kubwa ya michoro haiingii, na pawa saplai yake ni taabu kuipata.

• Kioo kikubwa kisubiri. Nunua UPS kwanza, hasa kama umeme wa mtaani kwenu hukatika bila hodi.