"Tupo Tupo Tu": Somo kwa Wanandoa Vijana Waliohamia Mji Mpya



Mpendwa kijana, somo la leo ni la kwako wewe uliyehama. Labda ajira imekuita, labda mwenzako amehamishwa ukamfuata, labda mmefunga ndoa juzi tu na mmeanza maisha mahali ambapo hata muuza genge hamumjui jina. Kama bado hujahama, soma tu. Kwa hali ya ajira ilivyo, zamu yako huenda haiko mbali.

Kabla ya kuendelea fungua Biblia yako usome: Mdo 18:1-3 na 18-26, Rum 16:3-5, 1 Kor 16:19.

Hali ilivyo huku kwetu

Naandika nikiwa Buigiri, wilaya ya Chamwino, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Zamani ukitaja Buigiri, watu walikumbuka shule ya wasioona. Siku hizi ukiitaja, unaulizwa bei ya viwanja.

Sababu inajulikana. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uamuzi ukasubiri miaka mingi, hadi Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba sasa serikali inahama kweli. Aprili 26, 2018 Dodoma ikawa jiji. Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, Ikulu mpya ikazinduliwa Chamwino Mei 2023, na tangu 2024 treni ya SGR inakutoa Dar na kukufikisha Dodoma kwa saa chache. Angalia sensa: mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 2,083,588, mwaka 2022 walikuwa 3,085,625. Ni watu milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi. Wapo waliozaliwa hapahapa, na wapo walioshuka na mabegi.

Kati ya hao wa mabegi nawafahamu wanandoa wawili vijana, waliopanga vyumba viwili huku. Wameniruhusu nieleze habari zao bila kuwataja. Mume ni fundi umeme kwenye miradi ya ujenzi. Mke alifunga biashara yake ndogo ya nguo Dar akamfuata. Mume anatoka alfajiri, anarudi usiku na vumbi hadi kwenye nyusi, anakula, anashika simu, analala. Mke anawahi kujaza madumu maji yakiwa bado yanatoka, anafagia vumbi ambalo mchana linarudi lenyewe, kisha anakaa. Mwezi wa sita upepo wa baridi ulimkuta hana hata sweta, maana Dar nani ananunua sweta? Kule alikuwa na mama, dada zake na kwaya. Hapa alikuwa na simu na bando la wiki.

Kitanda hawakununua, godoro lilikuwa chini. Picha za harusi zilibaki ndani ya begi. "Tusijaze vitu, hatukai hapa," walikuwa wanaambiana. Nilipowauliza maisha yanaendaje, mke ndiye aliyejibu: "Tupo tupo tu, Frateri." Mume akacheka. Mke hakucheka.

"Kuwa" na "kuwa na"

Jibu lile lilinirudisha kwenye masomo yangu ya falsafa. Gabriel Marcel, mwanafalsafa Mkatoliki wa Ufaransa, alitoa mwaka 1935 kitabu juu ya tofauti ya kuwa na kumiliki. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba mtu anaweza kuyahesabu maisha yake kwa alivyo navyo mpaka akasahau kuishi na aliye mbele yake.

Sasa sikiliza Kiswahili chetu. Tunaposema "nina nyumba" au "nina mke", neno lenyewe ni "ni" na "na": mimi, pamoja na. Kwetu sisi kuwa na kitu ni kuwa pamoja nacho. Basi ukipima kwa kipimo hicho, yule bwana alikuwa na kazi. Lakini je, alikuwa na mke? Na yule dada, alikuwa na mume, au alikuwa na sahani inayomsubiri mume? Na wote wawili, walikuwa na mji? Walikuwa wanalala ndani yake tu.

Hiyo ndiyo hatari ya "tupo tupo tu". Yaani haiji kwa kishindo. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyechepuka, hakuna cha kumpeleka mtu kwa paroko. Ndoa inakauka taratibu kama mto wa msimu. Ilifika mahali mke alishaanza kuangalia ratiba ya treni ya kurudi Dar, na mwenzake hajui.

Wanandoa waliohamahama kweli

Katika Agano Jipya wapo Akwila na Priskila. Wametajwa mara 6, na kila mara wametajwa wote wawili. Hakuna hata mstari mmoja unaomtaja mmoja peke yake.

Tazama safari yao. Akwila alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ponto. Wakaishi Italia, lakini Kaisari Klaudio akaamuru Wayahudi waondoke Roma. Wakaenda Korintho, mji wa bandari wenye watu wa kila aina, wakaanza kushona mahema. Huko Paulo akawakuta, akakaa kwao na kufanya nao kazi, kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja. Baadaye wakahamia Efeso. Tena baadaye, Paulo anapowaandikia Warumi, anawasalimu wakiwa Roma. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kusema "sisi hapa ni wapita njia", ni hawa.

Lakini walifanya nini? Efeso Kanisa lilikutana nyumbani kwao. Roma, vilevile. Apolo, msemaji hodari ambaye mafundisho yake yalikuwa na pengo, walimchukua kwao wakamweleza vizuri zaidi, bila kumwaibisha mbele za watu. Hawakusubiri wajenge. Papa Benedikto XVI aliwatolea katekesi nzima Februari 7, 2007, na Kanisa linawakumbuka Julai 8. Weka tarehe hiyo kwenye simu yako.

Mambo matatu ya kujifunza

*1. Walifanya kazi pamoja, na kazi haikuwameza.* Sisemi mke wa fundi umeme apande nguzo. Nasema kazi ya mmoja iwe habari ya wote wawili. Mume, ukirudi usiku, kabla ya simu mweleze mwenzako siku yako ilikuwaje, kisha muulize yake. "Nimeshinda nyumbani tu" siyo jibu la mwisho, uliza tena. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alikumbusha familia maneno matatu: naomba, asante, samahani. Hayahitaji mshahara.

*2. Walifungua mlango kabla nyumba haijakamilika.* Mwaka uleule wa 1973, wakati TANU inaamua habari za Dodoma, maaskofu wa nchi za AMECEA walikutana Nairobi wakakubaliana kwamba maisha ya Kanisa letu yasimame juu ya jumuiya ndogo ndogo. Ndiyo maana leo ukihama Mbagala ukaja Buigiri, unaweza kuikuta jumuiya inasali jirani na kwako.

Wale wanandoa wangu walikuwa wakienda Misa na kuondoka kabla ya matangazo. Siku moja mama mmoja wa jumuiya aliwawahi mlangoni: "Jumamosi tunasali kwenu." Mke akajitetea kwamba hawana viti. Mama akamjibu, "Viti tutakuja navyo, mwanangu." Na kweli walikuja na vigoda, mkeka, na bakuli la mlenda. Kwa aibu ya wageni, picha za harusi zilitolewa kwenye begi zikatundikwa ukutani.

Sitakudanganya kwamba siku hiyo ilimaliza kila kitu. Mume bado anachelewa kurudi. Lakini maji yakitoka, sasa kuna jirani anayemwita yule dada kwa sauti kupitia ukutani. Na ile habari ya treni alimwambia mumewe mwenyewe. Walizungumza hadi usiku wa manane, wakalia, na juma lililofuata wakanunua kitanda.

*3. Walikaa kama watu watakaoulizwa.* Mungu hatakuuliza tu ungeishije kwenye nyumba yako ya ndoto. Atakuuliza habari za jirani wa vyumba vya kupanga. Jifunze salamu ya wenyeji. Huku kwetu ukikuta watu ukasema "Mbukwenyi!", Mgogo atakujibu akitabasamu hata kama umekosea lafudhi. Jifunze kula mlenda na ugali wa uwele, uzuri wake utaujua kijiko cha tatu. Na sisi wenyeji tusikae tukinung'unika kwamba wageni wanajidai. Nani amewagongea mlango?

Neno kwa walio kwenye "sogea tukae"

Wapo vijana waliohamia pamoja bila ndoa, wakisema "tukishajipanga tutafunga". Ndugu yangu, sikuhukumu, na najua sherehe ni gharama. Lakini sakramenti haidai ukumbi wala keki. Inadai ninyi wawili mlio huru, mashahidi wawili, na padre au shemasi. Nendeni mkaonane na paroko, mwambieni ukweli wa hali yenu. Na kama nyumbani kuna kipigo, hilo siyo la kuvumilia kwa jina la ugeni: toka, tafuta msaada.

Zoezi la wiki hii

Fanyeni haya manne tu. Tundikeni msalaba na picha moja ya ndoa yenu. Mtafuteni mwenyekiti wa jumuiya na mumpe namba yenu. Chagueni dakika kumi za usiku zisizo na simu, msali Baba Yetu mkiwa mmeshikana mikono. Mwisho, kila mmoja amjibu mwenzake kwa ukweli: "Je, tupo, au tupo tupo tu?"

Tusali

Ee Bwana, Wewe ulikaa katika nyumba za watu, ukala walichokuwa nacho. Uingie na kwetu, hata kama viti havitoshi. Utufundishe kuwa pamoja kabla ya kuwa na vingi. Uwape waliohama jirani mwema, na wenyeji uwape moyo wa kubisha hodi. Kwa maombezi ya Watakatifu Akwila na Priskila, utulinde katika mji huu na katika kila mji utakaotutuma. Amina.