Gofu ya Jumamosi, Mgongo wa Jumatatu

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo huenda likakushangaza: namna ya kupiga mpira wa gofu. Utasema, "Huo ni mchezo wa wakubwa, sisi unatuhusu nini?" Tunakuomba uvumilie kidogo. Viwanja vya gofu vipo Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Morogoro na kwingineko, na wanaokwenda huko siku za mapumziko si wageni tu. Wapo walimu, wahasibu, askari na wafanyabiashara wa parokia zetu, na wapo vijana wetu wanaopata riziki kwa kuwabebea mikoba ya fimbo. Tena mgongo unaopiga gofu ndio huo huo unaolima na kufyeka.

Mgonjwa wetu

Miaka michache iliyopita tulimpokea mhasibu mmoja wa miaka 54. Siku tano za juma hukaa kitini, na Jumamosi hucheza mashimo yote 18. Alikuwa ameona kwamba mpira wake haufiki tena mbali kama wa vijana, basi akaanza kuupiga kwa nguvu zaidi. Kila alivyozidisha nguvu, mpira ulizidi kupinda na kuingia vichakani, na kiuno kilizidi kuuma. Akanunua vidonge vya diklofenaki dukani, akavimeza kwa miezi miwili bila kupimwa, ili tu asikose Jumamosi.

Siku aliyoletwa kwetu hakuletwa kwa ajili ya mgongo. Aliletwa kwa sababu alikuwa na kizunguzungu, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Vidonge vilikuwa vimemtia vidonda vya tumbo, na vidonda vilikuwa vinatoa damu. Alilazwa na kuongezewa damu. Mkewe alituuliza, "Sista, kale kampira kadogo kanawezaje kumwangusha mtu mzima?"

Swali lake ni zuri. Mpira wa gofu hauzidi gramu 46. Anayeumiza mgongo si mpira, bali ni namna tunavyoupiga.

Mgongo umeumbwaje?

Sehemu ya kiuno ina pingili 5 kubwa za uti wa mgongo. Pingili hizi zinabeba uzito wa mwili, nazo zinaweza kuinama na kunyooka vizuri, lakini kuzunguka kwake ni kidogo sana. Kazi ya kuzunguka ni ya nyonga mbili zilizo chini yake, na ya pingili 12 za kifua zilizo juu yake.

Sasa mtu aliyekaa kitini kutwa, siku tano mfululizo, nyonga zake hukaza na kifua chake hukakamaa. Jumamosi anataka kuzunguka. Nyonga zinakataa, kifua kinakataa, na kiuno kinalazimishwa kufanya kazi ambayo si yake. Hapo misuli huchanika, au sahani laini zilizo kati ya pingili huminywa. Hata mabingwa hawakusalimika. Tiger Woods wa Marekani alifanyiwa upasuaji wa mgongo mara nne kati ya mwaka 2014 na 2017 kabla ya kurudi na kushinda mashindano ya Masters mwaka 2019. Ikiwa mwenye mazoezi ya kila siku aliumia hivyo, sisi wa Jumamosi tu tujihadhari.

Habari njema ni kwamba pigo linaloulinda mgongo ndilo hilo hilo linaloupeleka mpira mahali panapotakiwa. Nguvu ya pigo huanzia ardhini, hupanda miguuni, nyonga, kifua, kisha hufika mikononi, na mwisho kwenye fimbo. Anayeanza na mikono hupoteza nguvu yote ya chini, na hulipa deni hilo kwa kiuno.

Hatua sita za pigo salama

Hapa tunamsemea anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

1. Pasha mwili moto. Tembea haraka kwa dakika 10. Zungusha mabega na nyonga taratibu. Kisha piga mipira michache kwa fimbo fupi, nusu pigo tu. Usishuke garini na kwenda moja kwa moja kupiga kwa fimbo ndefu.

2. Shika fimbo kwa upole. Anayeikaba fimbo kama anayekaba nyoka hukaza mikono mpaka mabegani, na mwili haugeuki tena. Kukaba huko pia huleta maumivu ya kiwiko na kifundo cha mkono. Ishike kiasi cha kutokuponyoka tu.

3. Inama kwa nyonga, si kwa kiuno. Sukuma makalio nyuma kidogo, mgongo ubaki umenyooka, magoti yalegee kidogo. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kielekee kidogo upande mpira unakokwenda, ili nyonga ipate njia ya kugeuka.

4. Rudisha fimbo nyuma polepole. Geuza kifua na nyonga pamoja kuelekea kulia, uzito uhamie mguu wa kulia. Mwenye mwili mkavu aruhusu kisigino cha kushoto kiinuke kidogo. Si aibu; ni kinga ya kiuno. Tena si lazima fimbo ifike nyuma ya kichwa. Ishie pale mwili unapokuambia "basi".

5. Anza kushuka kwa miguu. Kanyaga kwa mguu wa kushoto, nyonga zigeuke kuelekea mpira unakokwenda, kifua kifuate, mikono ije mwisho. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tunaona mpira, tunaurukia kwa mikono.

6. Malizia umesimama wima. Kifua kielekee mpira ulikokwenda, uzito uwe mguu wa kushoto, na mgongo usipinde kurudi nyuma. Hesabu hadi tatu bila kusogea. Ukiyumba, umepiga kwa nguvu kupita kiasi. Pigo linalofuata lipunguze.

Mazoezi ya nyumbani

Hatua hizi hazitafaa kitu ikiwa nyonga bado zimekaza. Mara tatu kwa juma, tenga dakika 15.

La kwanza: keti kwenye kigoda, miguu chini, mpini wa ufagio ukiwa umeukumbatia kifuani. Geuka kulia na kushoto polepole, mara 10 kila upande, nyonga zisisogee.

La pili: lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu hadi tano, shusha. Fanya mara 10. Hili huimarisha makalio, ambayo ndiyo injini ya pigo.

La tatu: piga goti moja chini, mguu mwingine mbele, kisha sogeza nyonga mbele mpaka usikie paja linavutika. Hesabu hadi 30, badili mguu. Mkulima na mfyekaji nao wafanye, wataona tofauti.

Vijana wanaobeba mikoba

Kijana anayebeba mkoba wa fimbo kwa bega moja tangu asubuhi huuchosha mgongo wake akiwa bado mchanga. Avae mikanda miwili mabegani, au abadili bega kila shimo. Akiinua mkoba kutoka chini, akunje magoti. Nawe mwenye mkoba, mchezo wa Jumamosi hauhitaji fimbo zote 14 zinazoruhusiwa. Chukua saba, umpunguzie mwenzako mzigo. Mpe na maji ya kunywa, maana jua linalokuchoma wewe linamchoma na yeye.

Ukiumia

Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya majuma machache. Usilale kitandani siku nzima. Tembea taratibu na endelea na kazi nyepesi. Kitambaa cha maji ya moto husaidia. Usirudi uwanjani mpaka uweze kutembea na kugeuka bila maumivu.

Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake si peremende. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asizitumie bila ushauri wa daktari, na asiye na magonjwa hayo asizitumie kwa muda mrefu. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha dawa hizo na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Nenda hospitali bila kuchelewa pia ukiona mguu umekosa nguvu, ganzi katikati ya mapaja au sehemu za siri, mkojo au haja kubwa kukuponyoka, au mkojo kugoma kutoka. Usingoje kesho, kwani mishipa ya fahamu iliyobanwa ikicheleweshwa huenda isipone. Maumivu ya mgongo yenye homa, au yanayofuata kuanguka, nayo yapimwe mapema. Na anayebanwa na kifua uwanjani aache mchezo mara moja na kupelekwa hospitali.

Mgonjwa wetu yuko wapi?

Mhasibu yule alipumzika miezi mitatu. Siku hizi hucheza mashimo 9, na pigo lake ni fupi. Vijana bado wanampita kwa umbali, na alituambia mwenyewe kwamba jambo hilo lilimuuma kuliko sindano zetu. Lakini mpira wake sasa unakwenda mbele, hauingii vichakani, na Jumatatu yupo kazini kwake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini nyonga zilizokaza huumiza kiuno?
2. Katika kushuka kwa fimbo, ni kiungo gani kianze na kipi kije mwisho?
3. Taja dalili tatu za mgongo zinazohitaji hospitali bila kuchelewa.