Kabla ya Kula Kiapo cha Wicca

Kama unaishi England na umealikwa kujiunga na kikundi cha Wicca, dini ya kipagani ya kisasa ambayo wengi wa wafuasi wake hufanya uchawi, sheria haikukatazi. Sheria ya Uchawi ya 1735 ilifutwa mwaka 1951, na leo Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998 inakulinda ukiwa na dini, ukiibadili au ukiiacha. Mwajiri akikufukuza kazi kwa sababu ya imani yako, anavunja Sheria ya Usawa ya 2010. Wasiliana mapema na Acas, shirika la usuluhishi wa migogoro ya kazi, kwa maana muda wa kudai ni mfupi.

Kinachonitia wasiwasi ni kiapo. Vikundi vinavyofuata mapokeo ya Gerald Gardner, mwasisi wa Wicca, humwingiza mtu kwa kiapo cha siri, na baadhi hufanya ibada wakiwa uchi. Watu wazima wakiridhia, faraghani, hilo si kosa. Lakini ridhaa, kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2003, ni kukubali kwa hiari yako, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Kiongozi akikutisha au kukushinikiza ulale naye ili upandishwe daraja, huenda ni jinai, hata kama anakiita kitendo hicho ibada. Nenda polisi. Hakuna kiapo kinachoweza kukuziba mdomo usiripoti uhalifu. Na ulichokubali mwezi uliopita unaweza kukikataa leo, bila kumweleza mtu sababu.

Desturi ya vikundi vingi ni mgeni kusubiri mwaka mmoja na siku moja kabla ya kuingizwa. Wakikuharakisha, jiulize kwa nini. Watafute waliojitoa, uwasikilize. Uliza pia habari za fedha: katika mapokeo ya Gardner mafunzo hayauzwi, kwa hiyo anayekudai mamia ya pauni ili akuingize, mwache.

Wafuasi wengi wa Wicca hutumia kisu cha ibada; chako kiweke nyumbani. Kukibeba barabarani bila sababu halali ni kosa chini ya Sheria ya Haki ya Jinai ya 1988. Sababu ya kidini inakubalika kama utetezi, ila mzigo wa kuithibitisha ni wako.

Ukienda likizo Tanzania, tahadhari zaidi. Sheria ya Uchawi ya tangu 1928 ingalipo, nayo inamgusa hata anayejidai kuwa na nguvu za uchawi au anayekutwa na vifaa vya uchawi. Usivibebe, na usijitangaze kabla hujazungumza na wakili.