Tarakilishi Kuukuu na Michezo: Inakabwa na Nini?

Nyinyi mnaobishana bwenini kuhusu tarakilishi hadi taa zizimwe, leo hebu tufungue kisanduku chenyewe tuone kilichomo.

Kaka yangu alidunduliza pesa za vibarua vya likizo, akanunua kadi ya michoro. Nyumbani tuna Dell OptiPlex 7010, toleo la mwaka wa 2012, tuliyoinunua kuukuu. Mama huitumia kuweka hesabu za duka. Sisi huchezea kandanda, nazo picha zilikuwa zikikwama mchezaji akiwa ameinua mguu apige! Basi kaka akaja na kadi yake, akafungua mashine, lo! Kadi ilitaka waya wake wa umeme wa pini sita, na mle ndani hamna waya kama huo. Muuzaji akakataa katakata kurudisha pesa.

Kadi yenyewe ilikuwa nzima. Kaka alinunua kabla ya kuuliza maswali mawili: mashine inakabwa na nini, na ina umeme kiasi gani?

Swali la kwanza halina gharama. Fungua mchezo, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaletewa ukurasa unaoonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, kumbukumbu, diski na sehemu ya michoro zinavyofanya kazi. Kilichofika karibu na 100 na kukaa hapo ndicho kinachowangojesha wenzake. Ikiwa ni prosesa, kadi mpya haitakufaa sana, maana itakaa ikisubiri kuletewa kazi. Ikiwa ni kumbukumbu, mashine huanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka, si unajua, ni konokono. Ndipo picha hukwama halafu zikaruka ghafla.

Kwetu kumbukumbu ilikuwa GB 4, tena kipande kimoja. Na kwa kuwa hakukuwa na kadi, prosesa yetu ya Core i5-3470 ilikuwa ikichora picha kwa sehemu yake ndogo ya michoro, ambayo haina kumbukumbu yake. Huazima hiyo hiyo ya mashine. Yaani maskini kumkopa maskini! Tukaongeza kipande cha pili cha GB 4. Vipande viwili vinavyolingana husomwa kwa pamoja, hivyo kazi huenda haraka kuliko kwa kimoja. Lakini angalia: mashine hii hutumia DDR3. Ukiuziwa DDR4 haitaingia, hata ukiisukuma.

Sasa umeme. Pawa saplai yetu ni ya wati 275, na tundu la kadi kwenye madabodi hutoa wati 75, basi. Kadi isiyozidi hapo haihitaji waya wake. GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka wa 2016 iliundwa kwa wati 75, na nyingi hazina hata mahali pa kuchomeka waya. Kaka aliuza ile ya kwanza kwa hasara, akapata hii ikiwa imetumika. Wapo watakaokushauri uunganishe waya za diski kwa kigeuzo. Kigeuzo hakiongezi hata wati moja! Na ukifikiria kubadilisha pawa saplai nzima, chungulia kwanza: OptiPlex 9020 ya 2013 huchomekwa kwenye madabodi kwa plagi ya pini 8, si 24 zilizozoeleka. Wenye visanduku vyembamba nao wachukue rula, kwa sababu kadi ya kawaida haitoshei humo.

Kama huna hela kabisa, punguza ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1366 kwa 768. Nukta za kuchorwa hupungua karibu nusu. Pangusa vumbi pia, maana prosesa ikipata joto jingi hujipunguzia mwendo.

Diski ya SSD haitaongeza kasi ya picha zenyewe, ila itafupisha kungoja mchezo ufunguke. Tuliiweka kwa ajili ya mama. Tulimtolea pia nakala ya hesabu zake kabla ya kugusa skrubu hata moja, na Jumamosi hatuisogelei mashine hiyo mpaka amalize.