MAMBA WAKUBWA WA MTO TANA

Wenyeji wa Nyeri huteka maji katika mito ya Chania na Gura bila ya kuogopa mamba, na hawakosei. Mito hiyo yatoka katika milima ya Nyandarua, na maji yake ni baridi mno kwa mnyama ambaye hupata joto la mwili wake kwa kuota jua. Lakini maji hayo hayo hushuka, hukutana na yale ya Mlima Kenya katika mto Sagana, kisha huwa mto Tana. Na yafikapo nchi ya chini yenye joto, kusini ya Embu, mamba wamo. Bwawa la Masinga, lililomalizika kujengwa mwaka 1981, limewapa makao mapana zaidi. Mtu wa mlimani ashukaye huko kuvua samaki au kunywesha ng'ombe yumo hatarini kuliko mwenyeji, kwa kuwa hakuzoea kuyatazama maji kabla ya kuyakaribia.

Mamba atokapo katika yai ana urefu wa futi moja tu, na chakula chake ni wadudu na vyura. Akikua hula samaki. Katika miaka ya 1965 na 1966 Bwana Alistair Graham alichunguza mamba wapatao 500 waliouawa katika Ziwa Rudolf, liitwalo sasa Turkana, akaona ya kuwa chakula chao kikuu kilikuwa samaki. Wale wakubwa ndio wawezao kukamata swala, ng'ombe, hata mtu. Meno yao ni ya kushika, si ya kutafuna. Kwa hiyo mamba humzamisha mnyama mpaka afe, kisha huuma kiungo na kujiviringisha mwili mzima mpaka nyama ikatike.

Wasimulizi huuongeza sana ukubwa wake. Dume la futi 13 ni kubwa. La kupita futi 16 ni nadra, nalo laweza kupita ratili 1,000 kwa uzito. Gustave wa Burundi alisemwa kuwa na futi 20, lakini hakuna aliyempima. Lolong wa Ufilipino, aliyekamatwa mwaka 2011, alipimwa futi 20 na inchi 3. Huyo lakini ni wa aina nyingine, mamba wa maji ya chumvi.

Kinachotisha zaidi ya nguvu zake ni subira yake. Hulala majini, macho na pua tu zikionekana kama kipande cha gogo. Ng'ombe wakiletwa mahali pamoja kila siku saa ile ile, hulijua jambo hilo, akawangojea. Kwa sababu hiyo yafaa kubadili mahali pa kuteka, au kufunga debe kwenye mti mrefu na kusimama mbali na ukingo. Mchanga nao si salama: jike hufukia mayai humo, akayalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi. Usiku macho ya mamba hung'aa mekundu yakimulikwa kwa taa. Mchana hakuna dalili hiyo.