Mtazame Punda Mdomoni Kabla ya Kumwita Mvivu

Punda akikonda kiangazi, lawama humwangukia yeye mwenyewe. Ni mvivu, ni mzee, ana minyoo. Katika vijiji vya Bunda, Butiama na Musoma Vijijini, mkoani Mara, punda ndiye anayebeba madumu ya maji, magunia ya kupeleka mashineni na mazao kutoka shambani, kwa hiyo akipungua nguvu nyumba nzima inaona. Dawa ya minyoo hununuliwa na fimbo huongezwa, lakini mara nyingi mdomo haufunguliwi hata kidogo.

Meno ya punda hayafanani na ya ng'ombe, kwa maana punda ana meno ya mbele juu na chini. Akifika miaka 5 anakuwa nayo yote, kati ya 36 na 44, na jike huwa na machache kuliko dume. Sehemu kubwa ya kila gego imejificha ndani ya taya, nayo husukumwa nje taratibu, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, kufidia inayosagika. Akiba hiyo ina mwisho. Ikiisha, hakuna jino jingine linalokuja.

Kinachoyala meno ni nyasi zenyewe, kwa kuwa ni ngumu, na mchanga unaoambatana nazo. Malisho yakishaliwa hadi ardhini, punda wa Kabasa au wa Kiabakari hung'oa visiki vya nyasi pamoja na udongo, na saa nyingi za siku anasaga vyote viwili.

Jambo la pili ni kifungio cha mdomo. Ulaya na Marekani, farasi wanaonenepa kupita kiasi huvalishwa kikapu chenye tundu dogo chini ili wale nyasi kidogo kidogo, maana unono huwaletea maumivu makali ya kwato. Madaktari wa mifugo wa huko huwaonya wenye farasi wakague meno ya mbele, kwani mnyama hukwaruza kitako cha kikapu akitafuta nyasi, na meno hayo huweza kulika vibaya. Mkoani Mara farasi ni wachache, na punda wengi wa kazi hawana shida ya unono. Kwao kifungio kina kazi moja tu, nayo ni kuwazuia wasile mazao wanapopita au kufanya kazi katikati ya mistari ya mahindi. Mistari ikiisha, kifungio kivuliwe palepale. Kumwacha punda malishoni akiwa amefungwa mdomo ni kumnyima chakula na kumharibia meno kwa wakati mmoja.

Kifungio cha kamba laini iliyosukwa kinafaa. Cha waya au cha bati hakifai hata kwa saa moja. Kiwe kipana kiasi cha kumwezesha punda kupumua vizuri na kutafuna, kibakize nafasi ya vidole viwili mbele ya midomo, na kisiguse meno. Vivyo hivyo lijamu ya waya au mnyororo: hukata pembe za mdomo na kugonga meno.

Magego ni habari nyingine, nayo ndiyo inayowatesa punda wengi. Taya la juu ni pana kuliko la chini, hivyo magego hayasagani sawasawa. Kingo za nje za magego ya juu hubaki na ncha kali zinazochoma mashavu, na kingo za ndani za magego ya chini huchoma ulimi. Mwenye punda anaweza kugundua bila kuingiza mkono mdomoni, jambo ambalo asilifanye kamwe, kwa kuwa magego hayo yanaweza kuvunja vidole. Aanze na kinyesi. Punje nzima za mahindi na nyuzi ndefu za nyasi ndani yake ni ishara kwamba chakula hakisagwi. Kisha aangalie chini, pale punda anapokula. Vidonge vya nyasi zilizotafunwa nusu, vyenye ute, vikidondoka hapo, punda anaumia. Abonyeze mashavu taratibu kwa nje, kuanzia pembe ya mdomo kwenda nyuma. Akirusha kichwa, kuna ncha au kidonda. Harufu mbaya ya mdomo, uvimbe wa taya, au usaha unaotoka tundu moja la pua ni jambo la kumwita mtaalamu siku hiyo hiyo.

Ncha husawazishwa kwa tupa maalumu, na kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo. Tupa ya fundi seremala isikaribie mdomo wa punda. Ukaguzi mmoja kwa mwaka unatosha kwa punda mzima. Mzee akaguliwe kila miezi 6. Ambaye magego yake yamekwisha hawezi tena kuishi kwa nyasi kavu peke yake: apewe pumba iliyolowekwa na majani mabichi yaliyokatwa vipande vifupi, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na mzigo upunguzwe.

Haya yana uzito zaidi sasa. Mwaka 2022 Serikali ilisitisha uchinjaji wa punda kwa miaka 10, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaridhia kuzuia biashara ya ngozi zao barani kote kwa miaka 15. Punda atazeekea nyumbani kwa mmiliki wake, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mmiliki huyo amtunze. Mwenye punda anayedondosha nyasi amwone ofisa mifugo wa kata kabla kiangazi hakijakaza.